Picha Haiogopi Maji

Antonia Hhando hakujua kusema "nitajaribu." Ukimpelekea dukani kwake picha iliyopauka, iliyokunjamana au iliyotafunwa na panya, ataigeuza mara mbili mwangani, kisha atakuambia uje kuichukua Alhamisi, au uirudishe nyumbani ukaizike. Meneja mmoja wa loji ya huko juu, ukingoni mwa kreta, alitundika picha zake kubwa za faru juu ya mahali pa kuotea moto, na Antonia akamwambia mbele ya wageni wake kwamba anazikausha kama nyama. Meneja alinuna, kisha akazihamisha. Watu wa Karatu walimwita mjeuri, na bado walimpelekea picha zao.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumfunga mdomo, naye ni baba yake. Mzee Lazaro alipiga picha tangu enzi za filamu. Alizunguka mashamba ya kahawa ya Oldeani kwa baiskeli, akapiga harusi na ubatizo, na picha zake alizisafisha mwenyewe kwa dawa katika chumba cha giza alichokijenga nyuma ya banda la ng'ombe. Siku hizi alishinda dukani kwa binti yake, kwenye kigoda karibu na mlango, chini ya picha ya marehemu mkewe, Angela.

Picha hiyo ilikuwa ya printa. Antonia aliitoa wakati mama yake akiwa mgonjwa, na mama aliishika kwa mikono miwili, akacheka, akasema amependeza kuliko alivyo. Tangu itundikwe, jua la asubuhi liliipiga kila siku ya Mungu, hata kitenge chekundu cha mama kikawa rangi ya maji ya nyanya. Antonia alimsihi baba yake waihamishie ndani, penye kivuli. Nakala alikuwa nayo kwenye kompyuta, alimweleza, ila karatasi aliyoishika mama ni hiyo moja tu. Mzee hakutaka kusikia. Angela alizaliwa Oldeani kwenye baridi, alisema, alipenda jua maisha yake yote, na wewe ni nani wa kumnyima sasa?

Asubuhi moja, mvua za masika zilipokwisha, aliingia mama wa Kimaasai aliyekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka. Aliitwa Nasieku, na alikuwa ametoka Malambo, akalala njiani. Alikifungua kifurushi chake juu ya kaunta. Ilikuwa fremu ya mbao yenye kioo, na ndani yake kijana mrefu aliyesimama kando ya fahali mwenye baka jeupe, akimchekea mtu aliye nje ya picha. Ni mwanawe. Jina hakulitaja, maana kwao jina la marehemu halitajwi ovyo, na Antonia hakuuliza. Kijana alipigwa picha hiyo mnadani na mpiga picha wa kupita, mwenye printa ndogo iliyochomekwa kwenye betri ya gari, ambaye hajulikani alikokwenda. Picha nyingine hakuna. Mvua za mwaka huu zilipenya bati, picha ikalowa, ikagandia kioo, na shemeji yake alipojaribu kuibandua kwa kisu, kipande cha bega kilitoka na kisu.

"Kuna mjukuu," alisema Nasieku. "Alizaliwa baba yake ameshaondoka. Kila siku ananiuliza baba ana sura gani. Hii ikipotea, mimi nitamwonyesha nini?"

Kabla Antonia hajajibu, Mzee Lazaro alishasimama. Hiyo ni kazi yake, alisema, na uso wake ulichangamka kwa namna ambayo binti yake hakuwa ameiona tangu msiba wa mama. Picha zilizogandia kioo amezibandua tangu hajaoa. Unailaza kwenye beseni la maji safi, unaisubiri, inajiachia yenyewe, unaianika kwenye kamba.

"Usihofu, mama," alimwambia Nasieku kwa upole. "Picha inazaliwa ndani ya maji. Picha haiogopi maji."

Nasieku akashusha pumzi. Mzee mwenye mvi amesema, nani abishe? Ni Antonia tu aliyekuwa na la kubisha. Baba yake alisema kweli, lakini kweli ya picha za zamani, zile za kusafishwa. Hii ilikuwa ya printa, wino uliokaa juu ya karatasi, tena wino rahisi wa mnadani. Ndani ya beseni lile kijana angeondoka na fahali wake, yakabaki maji ya zambarau, na maji ya namna hiyo hayazoleki.

Alijaribu kumweleza kwa Kiiraqw, lugha yao ya nyumbani, ili mgeni asielewe, kwamba karatasi hizi si zile. Mzee alimjibu kwa Kiswahili, ili mgeni aelewe vizuri, kwamba yeye alikuwa akisafisha picha wakati Antonia bado ananyonya. Kisha akaenda nyuma, akarudi na beseni limejaa, akalitua juu ya kaunta na kunyoosha mkono kuichukua fremu.

Kumkatalia baba mbele ya mgeni ni kumvua nguo. Kunyamaza ni kumzika mtoto wa watu mara ya pili. Antonia alikasirika, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa woga mtupu. Akapanda juu ya kigoda cha mzee, akaishusha picha ya mama yake ukutani, akaitoa kwenye fremu na kuiweka mikononi mwa baba yake.

"Baba, na hii ni ya printa kama ile," alisema. "Kama haiogopi maji, anza na mama."

Nje lilipita gari la watalii likielekea geti la hifadhi, vumbi jekundu likaingia, wala hakuna aliyekwenda kufunga mlango. Mzee aliishika picha juu ya beseni. Pembeni, pale palipokuwa pamefunikwa na fremu, kitenge cha Angela kilikuwa bado chekundu, chekundu kama siku ile, na juu yake ilionekana alama ya kidole gumba cha Angela mwenyewe. Aliitazama alama hiyo. Akayatazama maji. Kisha akarudi nyuma na picha yake kifuani.

"Siwezi," alisema.

Methali ya mkuki kwa nguruwe ilimfika Antonia mdomoni, akaimeza. Baba ni baba.

"Basi na wa mwenzetu tusimguse," alisema taratibu.

Nasieku hakuhitaji mkalimani. Aliivuta fremu yake ikawa mbali na beseni.

Antonia akayamwaga maji, ujeuri wake ukamrudia. Picha haitabanduliwa kamwe, alitangaza, itaishi na kioo chake, na nakala itatolewa ikiwa hapohapo ilipo. Akailaza kwenye skana. Sura ikatoka na ukungu, na pale palipogandia pakang'aa mithili ya mafuta. Akarudia, ikawa vilevile. Alikuwa anairudia tena aliposikia sauti ya baba yake kutoka kwenye kigoda.

"Zima hiyo. Kioo hakipigwi uso kwa uso."

Mzee alikwenda nyumbani, akarudi na kitambaa cheusi cha chumba chake cha giza, kinachonuka dawa mpaka leo. Alikikata tundu katikati, la kutosha lenzi, akakitandaza mbele ya kamera ya dukani ili kioo kisiwe na kitu cha kuakisi. Taa mbili akaziweka chini, huku na huku ya fremu, mwanga utambae juu ya kioo usikigonge. Antonia akabonyeza. Kwenye skrini kijana akatokea mzima, na kicheko chake, na fahali wake, hata shanga za shingoni ungezihesabu. Bega tu lilibaki na kovu, na Nasieku alisema liachwe, kwani hata mjukuu ana haki ya kujua kilichotokea.

Nakala ilitolewa kwa wino usiopauka upesi. Hiyo itundikwe, Antonia aliagiza, na ile ya asili ilale sandukuni, pakavu na gizani, mbali na moshi, wala isifungwe kwenye nailoni. Nasieku aligusa shavu la mwanawe kwa ncha ya kidole. Alimshukuru mzee kwanza, kwa mikono miwili, na Antonia hakuona vibaya.

Kesho yake Antonia alikuta duka limeshafunguliwa. Kwenye ukuta wa mlangoni, penye jua, palikuwa na msumari mtupu. Picha ya mama ilikuwa imetundikwa kule ndani, nyuma ya rafu za karatasi, mahali ambapo jua halifiki asubuhi wala jioni. Chini yake, gizani, Mzee Lazaro alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

Antonia alimuuliza kama hatasikia baridi huko.

"Nitavaa koti," alisema mzee.