Msimu wa Mapazia

Kichwa cha cherehani kilikuwa kimeshaviringishwa blanketi na kupakiwa kwenye pikapu, meza imelala chali miguu juu, na Babu Panya bado amesimama mlangoni pa duka la fundi, karatasi zake kwapani, kama mteja aliyekuja kuulizia suruali yake.

Babu Panya ni jina alilopewa na watoto, kwa sababu kitabu chake cha kwanza kilimhusu panya aliyehamia ndani ya kiatu. Shule aliisoma kwa vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji mwingine. Kazi nazo vilevile: kubeba mizigo, kupaka rangi mabango, kulinda magodauni. Miguu yake haikujua kutulia mpaka kaka yake alipofariki, akaja kumpa pole shemeji yake, fundi wa nguo. Akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani, na hakuondoka tena. Vitabu vyote aliviandikia hapo.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Asubuhi anaandika, mchana anasoma kwa sauti huku fundi akishona. Cherehani ikiendelea kukimbia, alijua maneno yamepwaya, akayafuta. Ikisimama ghafla, moyo ulimruka: shemeji kanaswa! Hapo hakugusa hata nukta.

Sasa binti wa fundi, muuguzi, alikuwa amepata kazi mji wa mbali na amekuja kumchukua mama yake. Na kitabu cha kuku aliyekataa kulala bandani kilikuwa kimebakiza sura ya mwisho, imeandikwa lakini haijasomwa mbele ya cherehani. Mchapishaji anaisubiri, na Babu Panya mwenyewe hajui kama ni hadithi au makapi.

"Shemeji," aliita, "kifungue hicho kichwa kidogo tu. Ushone chochote, hata tambara, nikusomee sura moja."

"Umerukwa na akili? Nimekifunga kamba kama mwizi! Wewe soma. Masikio sijayapakia."

"Masikio hayanisaidii. Bila cherehani kusimama, nitajuaje palipo pazuri?"

"Kusimama vipi?"

Akamweleza. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye ukingo wa pikapu, akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Wewe mzee wewe! Cherehani inasimama nikifika kwenye kona ya kola. Inasimama uzi ukikatika, bobini ikiisha. Kwa makelele yale ningesikia nini? Nilikuwa naona midomo yako inacheza tu."

"Hukusikia hata kimoja?"

"Nilikuwa naitikia 'enhe' kwa adabu."

Babu Panya aliketi kizingitini. Akaanza kuvipitia vitabu vyake kichwani. Kile kinene, cha safari ya konokono, alikiandika msimu wa sare za shule: kola, mfuko, kola, mfuko. Cherehani ilisimama kila mara, naye hakufuta kitu. Ndicho kilichododa madukani. Na kile chembamba cha panya, ambacho watoto walikishikashika mpaka kurasa zikachomoka? Alikiandika fundi alipopata oda ya mapazia ya hoteli nzima. Mapindo marefu, moja kwa moja, hakuna kona. Cherehani ilikimbia bila huruma, naye akafuta, akafuta, mpaka ikabaki hadithi ya kutosha kiganjani.

"Kumbe jina nimepewa na mapazia," alisema.

Fundi akaanza kucheka upya.

"Baba mdogo, jua linapanda," binti alisema kutoka kwenye usukani. "Soma basi, tuondoke."

Akasoma. Fundi hakuwa na kitambaa mikononi. Viganja vilimlalia mapajani kama vya mgeni. Babu Panya alisoma jinsi kuku anavyonyeshewa juu ya paa, anavyorudi bandani usiku, na jinsi kuku mkubwa anavyosimama kuwausia wenzake kuhusu utii.

"Hebu ngoja," fundi alimkatiza. "Huyo anayehutubia ni nani?"

"Kuku mkubwa. Anatoa funzo."

"Mwambie anyamaze! Mwenzake kalowa, anatetemeka, yeye anahutubia? Asogee, ampishe apate joto. Basi."

Babu Panya alitandaza karatasi kwenye boneti, akaifuta hotuba yote. Badala yake akaandika: kuku mkubwa akasogea. Akarudia kusoma. Safari hii fundi hakucheka. Alijifuta jicho kwa ncha ya kilemba, akasema, "Kumbe miaka yote ulikuwa unasema mambo, nami nashona tu."

"Nakushukuru, shemeji."

"Kwa lipi, na sikuwa nasikiliza?"

"Kwa kigoda. Bila hicho ningekuwa njiani mpaka leo. Mtu mzima nasoma habari za panya mchana kweupe, na hukuwahi kuniambia nikatafute kazi."

"Nilitaka sana," fundi alisema. "Kila nikitaka kusema, wewe unasoma."

Akampa mkono, akaushika wa shemeji yake kwa muda. Kisha akapanda mbele, pikapu ikaondoka.

Kitabu cha kuku kilitoka na kinasomwa. Chumba cha duka alikipanga muuza vipuri vya baiskeli. Binti aliolewa, ana mtoto mmoja. Fundi anakaa naye. Anashonea majirani tu, maana macho yamepungua nguvu. Babu Panya alirudia maisha yake ya kuhama mji kwa mji. Anakaa vyumba vya kupanga, na sura ikiisha humpigia fundi simu, akamsomea.