Sauti Iliyofichwa Pipani

Mwizi hupekua kabati, hupekua godoro, hata mtungi wa unga huutia mkono, jalala halipekui. Kwa imani hiyo Mama Mishono, mshonaji wa sare za shule, alificha vitu vyake vya thamani maisha yake yote. Na kwa imani hiyo hiyo aliificha sauti ya marehemu binti yake.

Binti aliirekodi kwenye kompyuta ya nyumbani, wiki mbili kabla ya kufa. "Ni ya kaka, mama. Mpe siku atakayoniulizia mwenyewe. Ukimpa kabla, ataifuta kwa hasira."

Ndugu hao walikuwa hawasemezani, mwaka wa tatu huo. Hata makaburini kaka alisimama mbali, mikono mfukoni. Basi mama akaikokota ile faili, akaiweka kwenye pipa la taka la kompyuta. Nani atachokora humo? Kila jioni, akishamaliza kuandika vipimo vya wateja, alichungulia pipani, akaiona imo, roho ikatulia.

Huyo kaka alikuwa fundi wa kompyuta. Jumamosi moja alikuja kumsalimu mama yake, akaiwasha ile mashine, akaingoja mpaka akapiga miayo.

"Mama, hii inakwenda kama kobe mwenye mimba."

"Mzee mwenzangu huyo. Mheshimu."

"Imejaa takataka. Huisafishi?"

"Mgongo huu nifagie uwanja, halafu nifagie na kompyuta? Niue basi!"

Fundi alicheka, akavuta kiti, akaandika amri zake kwa saa nzima. Alipomaliza akageuka. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mtumishi, hali, halali, wala haagizwi mara mbili."

"Punda."

"Punda gani asiyekula? Nipe mji."

"Chukua huu huu, na matope yake."

"Nimefika, nimechafuka miguu, wenyeji wamenikaribisha. Jibu ni ratiba niliyokuwekea. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kuanzia wiki ijayo, mashine itajisafisha yenyewe. Itanakili vipimo vyako kwenye diski ya nje, itafuta mabaki yote. Wewe usiguse kitu."

Mama akamwombea heri. Mabaki kwake yalikuwa mabaki. Hazina yake hakuihesabu humo. Wiki nzima aliendelea kuchungulia pipa, na hata Ijumaa jioni sauti ilikuwamo.

Jumamosi mchana fundi alirudi. Hakutania. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akawa anaokota vipande vya uzi sakafuni kimoja kimoja.

"Mama."

"Naam, baba."

"Yule... dada. Hakuniachia neno?"

Mama Mishono aliinuka kama msichana. Miezi minane alikuwa akiyangoja maneno hayo! Akamvuta mwanawe mkono hadi mbele ya kompyuta, akafungua pipa. Tupu. Akalifunga, akalifungua tena. Tupu vile vile.

"Ilikuwa humu," alisema. "Sauti yake. Yako wewe."

"Humu wapi?"

"Pipani. Niliificha."

"Pipani, mama!"

"Mwizi hapekui jalala, mwanangu."

Fundi alikamata kibodi, akatafuta, akajaribu programu hii na ile mpaka jua likahama dirishani. Kwenye diski ya nje alikuta vipimo tu: viuno, mabega, urefu wa sketi. Mwishowe mikono yake ikaanguka mapajani.

"Kilichofutwa tu, ningekirudisha. Lakini niliiamuru mashine iandike sifuri juu ya kila nafasi tupu, kilichokuwapo kisirudi tena. Huwafanyia hivyo wateja wanaouza mashine zao, asije mtu akafukua siri zao. Niliifanya kazi safi, mama. Safi mno."



"Alisemaje?" fundi aliuliza.

"Sikusikiliza. Haikuwa yangu."

"Hata kidogo?"

"Alinitoa chumbani, akafunga mlango. Nilikaa ukumbini nashona vifungo. Mara moja nilimsikia akicheka."

"Akicheka nini?"

"Sijui, baba. Kisha kikohozi kikamshika, akanyamaza, akaanza tena."

Fundi alivuta kiti karibu. "Alianza tena vipi?"

"Polepole," mama alisema, na zaidi ya hapo hakuwa na la kumpa.