Rambirambi za Mkurugenzi

Mwaka mzima nilikaimu ukurugenzi mtendaji wa umoja wetu wa mama lishe wa Kariakoo. Kufuatilia vibali, kusuluhisha ugomvi wa meza, kubembeleza wafadhili, yote mimi Hyasinta. Halafu bodi ikamleta Zulekha kutoka Upanga, na marashi yake, ikamweka kwenye kiti nilichokipasha moto mimi. Roho iliniuma, sifichi. Hata kicheko chake na wanachama kilikuwa kinanikera.

Jumamosi bodi ilikuwa ikae, imthibitishe kazini au imwache. Alhamisi asubuhi simu ya ofisi ikaita: Bi Najma, muuza chapati wetu wa siku nyingi, amefariki, msiba uko kwake Buguruni. Kwetu, mwanachama akifa mkurugenzi hatumi mtu. Huenda mwenyewe, akasimama mbele ya wafiwa na kutoa rambirambi. Asipoonekana, wanachama hawamtaki tena. Zulekha alikuwa hajafika ofisini. Sikumpigia. Nilijitanda khanga, nikapanda bajaji.

Chini ya turubai nikamkuta mwenyekiti wa bodi, Mzee Ridhiwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkurugenzi yuko wapi?"

"Nilimwambia, mzee. Kasema ana kazi nyingi, nije mimi tu."

Mzee alikunja uso. Wanawake waliokaa karibu wakatazamana, na mimi moyoni nikaona raha.

Binti wa marehemu, jina lake Mgeni, alikuwa anapita na ndoo. Akasimama. "Dada Zulekha? Mbona yuko ndani, anamwosha mama. Nilimpigia alfajiri."

Zulekha akatoka, mikono imelowa, macho mekundu. Mzee akamweleza nilichosema, neno kwa neno, wanawake wote wakisikia. Nikajua kazi sina tena.

Zulekha alinitazama kidogo.

"Ni kweli, mzee. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Sikutaka niitweitwe nje wakati tunamwosha marehemu. Dada Hyasinta, toa rambirambi wewe, unawajua watu kuliko mimi."

Nikasimama, nikazitoa. Ndicho nilichokuwa nakitamani siku zote, na sauti ilinitetemeka kama ya mwizi. Angeniumbua pale, ningekuwa na sababu ya kumchukia mpaka nazikwa. Hata hiyo hakuniachia.