Lifti ya Samaki

Jumamosi asubuhi, fundi miwani aliosha changarawe kwenye karai mpaka maji yakatoka safi, akazimwaga ndani ya tangi la kioo lililosimama kati ya kabati na ukuta. Tangi lilikuwa jembamba na refu, lilimfika kifuani, kwa sababu nafasi iliyobaki sebuleni ilikuwa ya kwenda juu tu. Alitia maji yaliyolala ndooni na dawa ya kuondoa klorini, akaweka hita ndogo, na chujio akaligeuzia ukutani, maana muuzaji alimwambia samaki wa aina ya beta hapendi kusukumwasukumwa na maji.

Samaki alikuwa zawadi kwa mama yake, aliyeishi naye. Mama hakuwa ameshuka chini kwa miaka miwili, tangu lifti ya jengo ilipokufa, kwani magoti yake na ngazi za ghorofa sita havipikiki chungu kimoja. Mdogo wake mama alikaa jengo la ng'ambo ya barabara, naye miguu ilikuwa hiyo hiyo. Walipungiana mikono dirishani kila siku. Mama alitamani jambo moja tu: kukaa kitako na mdogo wake, wasengenye watu bega kwa bega. Barua za kuomba lifti itengenezwe zilikuwa zimefika kumi na moja. Msimamizi wa jengo alizipokea zote kwa heshima, akazikalia.

Siku ya tatu samaki alizungumza.

"Shikamoo, mama," alianza, kwa kuwa alikuwa na adabu zake. "Mimi navuta hewa ya juu. Kila nikitaka pumzi lazima nipande huko kote. Nimechoka."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Andika barua."

Samaki akatamka, fundi miwani akaandika, na bila kutegemea lolote akaipeleka kwa msimamizi alipokuwa akienda kazini. Jioni hiyo hiyo msimamizi alifika, anahema, akalikagua tangi toka chini hadi juu.

"Hapana, huku ni kumtesa mkazi," alisema.

"Na mimi je?" mama aliuliza.

"Faili lako linashughulikiwa, mama."

Kesho yake walikuja mafundi wawili, wakafunga ndani ya tangi lifti ya ukubwa wa kiberiti, yenye mlango na vitufe viwili. Kipuri kimoja kilikosekana. Wakashuka kukitoa kwenye lifti ya jengo, ambayo walisema haikuwa ikikitumia. Samaki akabofya kwa mdomo, akapanda, akavuta pumzi, akashuka. Alishukuru sana.

Mama alivuta kiti akatazama safari nne nzima. "Inabeba kiasi gani?" aliwauliza.

"Gramu kumi, mama."

"Haya. Nitapunguza chumvi."

Fundi miwani hakucheka. Alikuwa na hasira, lakini mafundi walikuwa wameshika njia na samaki hakuwa na kosa.

Mwisho wa mwezi alikuja mkaguzi wa lifti. Alipanda ngazi zote kwa miguu, akakaribishwa kiti, akanywa bilauri mbili za maji kabla ya kuweza kutaja jina la ofisi yake. Kisha akaingiza kidole kwenye tangi, akabofya kitufe mara tatu na kuandika kwenye fomu yake: jengo lina lifti, lifti inafanya kazi. Wiki iliyofuata zile barua kumi na moja zilirudi, kila moja imegongwa muhuri kwamba ombi limetekelezwa.

Mama alizisoma zote, moja baada ya nyingine, akazilaza mapajani.

"Andika ya kumi na mbili," alimwambia bintiye. "Safari hii sema mimi ni samaki."

Binti akaandika hivyo hivyo, na beta akatia sahihi kama shahidi. Jibu lilikuja siku ya pili, lenye salamu nyingi na pole nyingi. Ombi limepokelewa, lilisema, na hakuna anayelitilia shaka. Ila samaki wa zaidi ya kilo sabini hutumia ngazi.