Mstari Uliokata Kushoto

Muuzaji aliviweka vifaa viwili vya GPS juu ya kabati la kioo, akavisogeza kwa kidole mpaka vikakaa sawasawa, kama anayepanga watoto wapigwe picha.

"Huyu mkubwa anaongea," alisema. "Barabara zote anazijua, vituo vya mafuta anavijua. Ukikosea kona hakugombezi, anakupangia njia nyingine papo hapo. Na huyu mdogo..." Alikinyanyua kifaa cha pili, kinene kama kipande cha sabuni. "Huyu ni bubu. Ana vitufe vitano, anakuchorea mstari, basi."

Mteja wake alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mpana wa mabega, mwendesha pikipiki na fundi wa pikipiki. Watu walikuwa wamemwita Spana kwa muda mrefu hivi kwamba jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye leseni tu.

"Unamtaka yupi?"

"Yeyote."

"Kaka yangu, Yeyote mimi simuuzi. Nina huyu na huyu."

Spana alitabasamu, kwa kuwa hapo palikuwa mahali pa kutabasamu. Miezi minne sasa alikuwa akiishi kwa namna hiyo. Penye kucheka alicheka, penye kula alikula, lakini ndani kulikuwa kimya kama karakana siku ya mapumziko. Walikubaliana avijaribu vyote viwili na kuvirudisha Ijumaa. Kile atakachokichagua, maabara itanunua sita.

Maabara hiyo ilikuwa na waendesha pikipiki sita, na Spana alikuwa kiongozi wao. Walizunguka kwenye zahanati za milimani wakikusanya sampuli za damu, wakazileta ndani ya visanduku vya barafu kabla hazijaharibika. Nusu ya kwanza ya safari ilikuwa lami. Nusu ya pili ilikuwa vijia vya mawe na matope, mahali ambapo simu haishiki mtandao na mtu wa kuulizwa njia ni mbuzi.

Jioni ile meneja wa maabara alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke mwenye miwani mikubwa kupita uso wake, ndiyo sababu wafanyakazi walimpachika jina la Mama Darubini, naye alilijua na hakulikasirikia.

"Shemeji yako nimempa nafasi," alisema. "Kiti, meza, kompyuta. Awatayarishie njia, awafuatilie mkiwa huko porini. Mguu si kitu, kazi ni ya kichwa. Unajua kaniambia nini? Eti hajui kusoma ramani! Nimempa mpaka Ijumaa. Akikataa nampa mtu mwingine, sina la kufanya. Nenda kazungumze naye, wewe ndiye kaka wa mkewe."

"Nitakwenda."

"Unaonekana mgonjwa."

"Mimi mzima, Mama."

Yaliyompata shemeji yake yanaelezeka kwa maneno machache. Mvua zilipoanza, Spana aling'olewa jino, shavu likavimba, akapumzishwa wiki moja. Shemeji, ambaye kawaida alihudumia zahanati za mjini, akapewa njia ya milimani. Spana alimkabidhi kifaa cha zamani cha maabara. Ndani yake mlikuwa na nyayo, yaani mstari ambao kifaa kilijichorea chenyewe wakati Spana akipita, kona kwa kona, pamoja na ile kona ya shuleni ambapo ni lazima ukate kushoto ukwepe daraja lililong'olewa mbao na mafuriko. Asubuhi ya kukabidhiana, Spana alitaka kumfanyia hisani. Ili kifaa kimtangazie kona kwa sauti, alizigeuza zile nyayo akazihifadhi kwa jina la safari. Alidhani ni kitu kimoja, kimoja kikiwa na mdomo na kingine bila mdomo.

Si kitu kimoja. Nyayo hukuonyesha tairi lilipokanyaga. Safari ni hesabu ya mashine: inachukua alama chache za njiani, halafu inaziunganisha yenyewe kwa barabara zilizomo katika ramani yake. Na katika ramani yake daraja lilikuwa bado limesimama.

"Usiulize mtu," Spana alikuwa amemwambia. "Fuata mstari tu, hata ukiona unakupeleka kusikoeleweka."

Shemeji aliufuata. Palikuwa na ukungu, na daraja liko mbele ya shule, mara tu baada ya kona nyingine. Pikipiki ilimlalia mguu kwenye mawe kwa saa tatu, madaktari wakaukata chini ya goti.

Spana alikikuta kile kifaa kwenye korido ya hospitali, ndani ya mfuko wa nguo zilizochanwa. Alikiwasha. Pale shuleni mstari ulikwenda moja kwa moja. Kidole gumba kikaufuta kabla kichwa hakijaulizwa. Kisha akaingia wodini.

"Shemeji," aliuliza yule aliyelala, midomo imemkauka, "pale shuleni mstari ulikwenda wapi?"

"Ulikata kushoto."

"Basi nimesoma vibaya."

"Pumzika, shemeji."

Hapo ndipo ganzi ilipoingia, na haikutoka.

Jumanne na Jumatano Spana alifunga vifaa vyote viwili kwenye usukani, mkubwa kulia, mdogo kushoto, akaendesha. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, kwa sababu mikono iliijua. Kwenye lami yule mkubwa alikuwa bwana. Alitaja mizunguko, alitaja umbali, aliwahi kumwonya kuhusu tuta ambalo Spana mwenyewe alikuwa amelisahau. Lakini jua lilipopanda kioo chake kikawa kama sahani, hakikuonekana kitu. Ukimgusa kwa glavu hakusikia, kwa mvua alijigusa mwenyewe. Na lami ilipokwisha akaanza kulalama kwa sauti ya kike, ya upole, isiyochoka: geuka nyuma inapowezekana, geuka nyuma inapowezekana. Mdogo hakusema neno. Vitufe vyake vilibonyezeka kwa glavu zenye tope, betri ilidumu siku nzima, na mstari wake mwembamba wa zambarau ulisomeka hata juani.

Jumatano, saa nane mchana, Spana alifika shuleni. Mistari ya vifaa vyote viwili ilikuwa imetoka kwenye faili moja, zile nyayo zake za zamani ambazo kompyuta ya maabara ilikuwa imezitunza. Kwenye kifaa kidogo zilibaki nyayo. Kwenye kile kikubwa alizihifadhi kama safari, makusudi.

Kidogo kilikata kushoto.

"Endelea mbele," ile sauti ya kike ilisema. "Kilomita moja na nusu."

Alizima injini. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa mtetemo, kama kila siku. Alivikunjua, akavikunja. Alingoja labda atalia, maana hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa mlango wa darasa uliofungwa. Machozi hayakuja. Aliwasha pikipiki, akakata kushoto, akachukua sampuli zake.

Alhamisi alikwenda kwa dada yake. Nyumba ilikuwa na sebule moja, jiko kwa nyuma, na mlangoni jozi za viatu zilizopangwa, moja ikiwa na kiatu kimoja tu.

"Kaka, umekonda," dada alisema. "Kaa, chai iko motoni."

Shemeji alikuwa kwenye kochi, magongo yameegemezwa ukutani, sinia la skrubu mapajani. Alikuwa akizichambua, ndefu huku, fupi kule.

"Karibu, mheshimiwa. Unashangaa soksi? Siku hizi jozi moja nakwenda nayo wiki mbili. Umasikini nimeukomesha."

"Acha mzaha," dada alipiga kelele kutoka jikoni.

"Namwambia mgeni habari za nyumbani!"

Spana alivitoa vifaa mfukoni. Shemeji akavipokea kwa hamu ambayo alijaribu kuificha, akavipindua, akabonyeza, akasoma. Haikumchukua dakika tano kuelewa lipi liko wapi.

"Mkubwa ni wa mtu wa mjini anayependa kubembelezwa," alisema. "Chukueni mdogo. Mwandikie Mama Darubini hivyo hivyo."

"Mwandikie wewe. Kiti ni chako."

Shemeji akarudi kwenye skrubu zake. "Kesho nakataa. Mtu aliyeambiwa kushoto akaenda mbele, leo awaongoze watu sita? Mmoja akitumbukia nitajiweka wapi?"

Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Spana alisikia sauti yake ikianza kusema, nayo ilikuwa tulivu kama ya muuzaji.

"Nipe huyo mkubwa. Tazama. Hizi ni nyayo zangu za mlimani. Pale shuleni zinakwenda wapi?"

"Kushoto."

"Sasa nazigeuza safari." Alibonyeza. Kioo kilifikiri kidogo, mstari ukaruka kama kamba iliyovutwa. "Na sasa?"

Shemeji alitazama. "Mbele. Darajani."

"Hivi ndivyo nilivyokupa. Nilitaka kikutangazie kona. Hukusoma vibaya. Ulifuata kile kile nilichokupa."

Skrubu moja ilidondoka ikaviringika chini ya kochi, hakuna aliyeitafuta.

"Fanya tena," shemeji alisema.

Spana alifanya tena. Kushoto, halafu mbele.

"Tena."

Mara ya tatu shemeji alibonyeza mwenyewe.

"Hospitali nilikuuliza," alisema, macho yakiwa bado kwenye kioo. "Ukaniambia ulikata kushoto."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimeuona mstari. Nikaufuta."

Shemeji alipumua kwa pua kama mtu anayebeba mzigo ngazini. "Unajua ninachofanya asubuhi? Dada yako akitoka, nanyoosha mikono yote miwili. Huu kulia. Huu kushoto. Nasoma majina ya dawa kwenye chupa nione kama herufi nazipitisha sawa. Mtu mzima mimi! Nilidhani kichwa kimeanza kunitoka. Miezi minne, shemeji. Mguu ningeusamehe siku ile ile, ungeniambia tu."

Spana alipoinua macho, dada yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, birika mkononi. Haikuhitajika kumuuliza kama amesikia.

"Kaka," alisema, polepole, "naomba utoke."

"Dada..."

"Sikufukuzi kwa maneno makali. Naomba tu. Nikiendelea kukutazama nitakumwagia hili birika."

Alisimama. Alinyoosha mkono kuchukua vifaa, shemeji akavifunika kwa kiganja.

"Hivyo viache."

Ijumaa Spana aliingia ofisini mapema, akamweleza Mama Darubini kila kitu akiwa amesimama. Alieleza kwa mpangilio, jino, kona, kidole gumba, wodi, kama anayetoa ripoti ya klachi iliyoungua. Mama Darubini alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo na umechoka.

"Uongozi unauacha leo," alisema. "Pikipiki sikunyang'anyi, sina mtu mwingine anayeujua mlima. Lakini usidhani nimekuonea huruma."

"Sidhani, Mama."

"Mimi ndiye niliyemwandikia ripoti yule bwana. Nimeandika kwa mkono wangu: kosa la dereva." Akaivaa miwani tena. "Nitaiandika upya. Na wewe utaitia saini."

Aliitia saini. Kisha akairudisha kalamu mezani.

Saa nne magongo yalisikika koridoni. Shemeji aliingia amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, vifaa viwili shingoni kwenye mfuko wa kitambaa ulioshonwa harakaharaka. Mshono ulikuwa wa dada, Spana aliutambua. Shemeji hakumsalimia.

"Mdogo," alimwambia Mama Darubini, akakiweka mezani. "Sita wa namna hii. Huyu mpiga domo mrudishieni mwenyewe. Na kiti nakitaka. Ila nina sharti: dereva asihifadhi mstari wowote mwenyewe, hata mmoja. Kila mstari upite kwangu, na mtu akigeuza nyayo kuwa safari, aje na magongo yake kabisa."

Mama Darubini alitaka kucheka, akajizuia.

Wiki mbili baadaye vifaa sita vilifungwa kwenye pikipiki sita. Spana alikuta chake kimeshajazwa njia ya mlimani. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi juu yake, imeandikwa nambari ya pikipiki tu, bila jina wala salamu. Dada yake alikuwa bado hapokei simu.

Aliondoka saa moja na nusu asubuhi. Lami ikaisha, vijia vikaanza, mstari wa zambarau ukampeleka bila neno. Aliutazama kwa jicho la fundi. Ulikuwa mstari mzuri. Mahali penye utelezi palitiwa alama, kivuko cha mawe kilitiwa alama, hata ule mti ulioanguka mwezi uliopita. Shemeji alikuwa ameuliza kila dereva, kasoro yeye.

Mita mia mbili kabla ya shule, kifaa kilipiga mlio mmoja. Alama nyekundu ilitokea kwenye kioo, kule mbele, nje ya mstari, mahali lilipokuwa daraja. Chini yake palikuwa na maandishi kwa herufi kubwa:

MGUU WANGU.

Spana alisimamisha pikipiki. Alivua glavu moja, akavikunjua vidole, akavikunja. Ganzi ilikuwa pale pale. Shuleni watoto walikuwa wakiimba hesabu kwa pamoja, mbili mara tatu, mbili mara nne. Alisikiliza mpaka mbili mara kumi, akavaa glavu, akakata kushoto.