Kisanduku cha Nne

Binti wa Wino alifika kwangu saa nne asubuhi, bahasha kubwa kwapani na penseli nyuma ya sikio, kama baba yake. Wino ndilo jina tulilompa mchoraji wetu wa gazeti, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Mimi nilikuwa mpangaji wa kurasa. Yeye alichora, mimi nilibandika.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimeleta kitabu cha baba kabla hakijaenda kiwandani kuchapwa. Nataka jicho lako."

"Marahaba, mwanangu. Jicho lenyewe siku hizi ni moja na nusu."

Akatandaza kurasa mezani. Katuni zote za fundi Kifungo zilikuwemo: Jumamosi za miaka tisa. Kifungo alikuwa fundi cherehani mwembamba, tepu shingoni, aliyeshona koti moja tangu toleo la kwanza bila kusema ni la nani. Hakutamka neno hata moja, wala hakuhitaji. Wino aliweza kuchora mgongo wa mtu ukajua kwamba ameudhika. Mvua yake ilikuwa mistari kumi na miwili tu, na msomaji alitamani mwavuli.

Kila katuni ilikuwa na visanduku vinne vya picha, na matangazo hayakuwa na adabu. Yaliingia Ijumaa alasiri, ukurasa umekwisha kujaa. Hapo nilishika wembe, nikakata kisanduku cha nne. Wino alichora kwa kipimo kile kile cha gazeti na hakuweka nakala. Kilichokatwa kilikuwa kimepotea moja kwa moja. Mara ya kwanza alinijia juu. Baadaye akawa ananichokoza tu mlangoni: "Leo umenikata ukucha au kidole?"

"Ukucha," nilijibu kila mara, bila kuinua kichwa.

"Sikiliza dibaji yangu," binti alisema, akasoma: "'Katika katuni ya mwisho, Kifungo anafunga duka, anavuka barabara na koti mkononi, anabisha hodi. Mlango unafunguka kidogo. Basi. Wachoraji waliomfuata, pamoja nami, tumejifunza kwake mahali pa kunyamaza.'"

Akaishusha karatasi. "Hapo niliandika nikilia. Nilikuwa na miaka minane. Ijumaa ile nilimuuliza nani yuko ndani. Akaniambia, 'Subiri kesho usome gazetini kama wenzako.' Jioni kiharusi kikampiga. Hakusema tena mpaka tunamzika."

Mke wangu aliingia na chai. "Huyu muulize lolote," alimwambia mgeni. "Siku ya ndoa yetu haikumbuki, lakini matangazo ya gazeti anayajua kwa inchi."

Walicheka. Ningeweza kucheka nao, nikaisifu dibaji, nikanywa chai yangu.

"Vilikuwa vinne," nilisema.

"Vipi, baba mdogo?"

"Visanduku. Hata siku ile vilikuwa vinne. Nilikikata cha mwisho."

"Acha utani." Kisha akaniangalia usoni, akaacha kutabasamu. Mke wangu alirudisha birika kwenye sinia taratibu.

"Miaka kumi na miwili ninawafundisha wanafunzi kuacha mlango hivyo," binti alisema. "Wengine wamepata jina kwa hilo. Kumbe ninawafundisha wembe wako."

Laiti angenipigia kelele. Badala yake alichukua karatasi safi, akaiweka kando ya kisanduku cha tatu, akachora mraba wa ukubwa ule ule. Mkono ulikuwa wa baba yake. Kisha akanigeuzia karatasi na kunipa penseli.

"Si lazima kiwe kizuri. Nichoree tu nani alifungua."

Nilikumbuka tangazo. Lilikuwa la sabuni, safu mbili kwa inchi tatu, mwanamke na beseni, povu hadi viwikoni. Nilikumbuka mstari wa chini ulivyopinda na jinsi nilivyounyoosha kwa rula. Nilikumbuka hata kile kipande: kilikuwa kimelala kifudifudi, nami nilikitumia kufuta gundi kwenye brashi kabla ya kukitupa.

"Mwanamke? Mwanaume?" aliuliza. "Mtoto?"

"Mwanangu," nilisema, "sikukitazama."

Nilimrudishia penseli, hakuipokea. Aliendelea kungoja, macho kwenye mraba mtupu, kama mtoto aliyeambiwa asubiri kesho.