Lango Lililomngoja Wariara

Naftaly Gathogo hakuwa na shamba. Hakuwa na digrii, wala gari, wala mtoto, wala ndugu wa kumsemea mbele ya wakwe. Tangu Wariara afariki, hakuwa na mke pia. Na kwa kuwa shamba hakuwa nalo, alimzika nyumbani kwa wazazi wa mkewe huko Ndabibi, aibu iliyomchoma kila alipoikumbuka.

Baba mkwe wake, Mzee Jamleck, alikuwa amemwandikia kwa mkono. Msalaba wa mbao ulikuwa umeanza kuoza. Walitaka kulijengea kaburi na kufanya maombi, lakini neno la kuanza ni la mume. "Tunakungoja wewe, mwanangu." Barua ile ilikaa mfukoni mwa koti hadi ikachakaa. Naftaly aliona kwamba akitoa neno, atakuwa amekubali kwamba mkewe ameenda.

Kazi yake, katika ofisi moja ya Milimani, ilikuwa kujaribu mifumo ya kompyuta kabla watu hawajaanza kuitumia. Safari hii ulikuwa mfumo wa wakulima kuagiza mbolea. Mvua ikianza, wakulima huagiza wote kwa pamoja, kwa hiyo Naftaly alitengeneza wakulima bandia ndani ya kompyuta. Kila mmoja alikuja kwa mwendo wake, akasimama mahali walipopaita lango. Idadi ikitimia, lango hufunguka na wote hubonyeza kuagiza kwa mpigo mmoja.

Aliwapa majina na tabia za watu aliowajua. Mmoja alikuwa Wariara, aliyesoma kila mstari, akarudi nyuma, akahakikisha tena. Naftaly aliporudi kazini baada ya mazishi, alimfuta.

Sasa, kwa mara ya kwanza tangu amfute, jaribio lilikuwa linaendeshwa, na wenye mfumo walikuwa wamekuja kutazama. Wakulima bandia walifika langoni, wakasimama. Wakaendelea kusimama.

"Boss, watu wako wameenda chai?" Becky, jirani yake wa meza, alimtania.

Naftaly alikagua mipangilio yake, akaona kosa. Alimfuta mtu, lakini hakuipunguza idadi ya lango.

"Wanangoja mmoja," alisema.

"Nani huyo wa kuchelewesha watu hivi?"

"Wariara."

Becky aliweka kikombe chini.

"Pole, Naftaly. Si tumrudishe tu? Ni dakika moja. Test iishe, utamtoa baadaye."

Vidole vya Naftaly vilishaanza kuliandika jina. Angemwona tena akija polepole, wa mwisho kama kawaida yake, na lango lingefunguka kwa ajili yake. Lakini aliwatazama wale wengine kwenye kioo cha kompyuta, hawaendi mbele wala nyuma, akamwona Mzee Jamleck kando ya ule msalaba unaooza.

Akafuta alichoandika.

"Hatakuja," alisema. Hakuwa amewahi kulitamka hilo kwa mdomo wake.

Akapunguza idadi kwa mtu mmoja. Lango likafunguka, wote wakapita kwa pamoja, na mfumo ukastahimili. Wageni walipiga makofi. Naftaly alikuwa ameshatoka, ameegemea ukuta wa ngazi, analia.

Alipotulia, aliomba karatasi kwa Becky, akaandika barua kwa Mzee Jamleck.

"Baba, jengeni. Andikeni jina lake lote, na chini yake, mke wa Naftaly. Chagueni siku nyinyi. Nitakuja."

Akaisoma kila mstari, akarudi nyuma, akahakikisha tena. Kisha akalamba gundi, akaifunga bahasha, akateremka hadi posta na kuitumbukiza sandukuni.